György Ligeti: Mtunzi wa Sauti Nyingi

Mtunzi wa muziki aweza kubadili mtindo wake mara ngapi kabla wasikilizaji hawajamwita kigeugeu? Swali hili liliulizwa sana juu ya György Ligeti, aliyezaliwa Romania mwaka 1923 na kufariki Vienna mwaka 2006. Ukizisikiliza kazi zake kwa kurukaruka, moja leo na nyingine kesho, utadhani ni kazi za watu watano waliokutana njiani kwa bahati. Ya kwanza yachezeka kama ngoma ya wachungaji wa milimani. Ya pili ni ukungu wa sauti usio na mahadhi wala mapigo. Ya tatu haina mwimbaji wala mpigaji, ila vijimashine mia moja vikigongagonga. Ya nne ni opera ya mzaha na matusi juu ya mwisho wa dunia. Ya tano ni ya piano, na mapigo yake yanapishana kwa namna ambayo wasikilizaji wengi wa Ulaya walikuwa hawajapata kuisikia. Wako waliosema kwamba mtu huyu hana msimamo. Mimi nasema anao, na nataka wewe msomaji uuone mwenyewe. Tena nadhani kijana aliyekulia Shinyalu ana njia fupi ya kuuona kuliko kijana wa Vienna.

Njia hiyo ni isukuti. Waisukha na Waidakho wanaijua tangu utotoni, na mgeni aliyewahi kufika Shinyalu siku ya kupiganisha mafahali hakosi kuwa ameisikia. Jina lenyewe ni la ngoma: ngoma tatu, moja kubwa, moja ya kati na moja ndogo, na pamoja nazo pembe ya mnyama na vyuma vya kulialia. Sasa fanya jambo ambalo kwa kawaida hatulifanyi. Simama karibu na mpigaji mmoja, umsikilize yeye peke yake. Utashangaa jinsi fungu lake lilivyo fupi, na jinsi anavyolirudia bila madaha. Kisha rudi nyuma hatua ishirini, uzisikilize ngoma zote tatu pamoja. Hapo utasikia mwendo mwingine kabisa, ambao hakuna hata mmoja wa wale watatu anayeupiga. Umezaliwa katikati yao. Liweke jambo hili akilini, maana tutalihitaji.

Ligeti alizaliwa tarehe 28 Mei, 1923, katika mji mdogo wa Transylvania ambao leo huitwa Târnăveni. Nchi ile ilikuwa chini ya ufalme wa Hungaria mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, na kwa mkataba wa mwaka 1920 ikatiwa Romania. Kwa hiyo mtoto alizaliwa katika nchi ya Romania, ndani ya nyumba ya Wayahudi waliosema Kihungari. (György ndilo George kwa lugha hiyo.) Tangu mwanzo, basi, hakuwa mtu wa upande mmoja, na vitabu hata leo havikubaliani kama aitwe Mromania, Mhungari au Mwaustria, kwa kuwa uraia wa Austria nao aliupata baadaye. Alipokuwa na umri wa miaka sita wazazi wake walihamia mji wa Cluj. Ukubwani alisimulia mambo mawili ya utoto wake. La kwanza ni pembe ndefu za mti alizosikia zikipulizwa na wachungaji katika milima ya Karpati, pembe ambazo sauti zake hazilingani sawasawa na sauti za piano. La pili ni ndoto: aliota kwamba chumba chake kimejaa utando wa buibui kutoka ukuta hadi ukuta, na katika utando ule wamenaswa wadudu na takataka, na kila mdudu anapojitikisa utando wote hutetemeka na kubadilika umbo. Wasomi wengi huieleza ndoto hii kama kitu cha ajabu tu. Mimi naiona kuwa ni maelezo bora ya muziki wake kuliko yote yaliyoandikwa na wasomi hao.

Alitaka kusoma fizikia na hesabu. Sheria zilizowabana Wayahudi zikamfungia mlango huo, naye akaingia chuo cha muziki cha Cluj mwaka 1941. Mwaka 1944 alichukuliwa kwenda kufanya kazi ya kulazimishwa jeshini. Yeye alinusurika. Baba yake na ndugu yake mdogo walikufa katika kambi za Wanazi; mama yake, aliyekuwa daktari, alirudi hai kutoka Auschwitz. Vita vilipokwisha alikwenda Budapest kusoma utunzi, akiwa kijana wa miaka 22 ambaye nyumba yake ilikuwa imefutika.

Katika miaka ile kila kijana wa Hungaria aliyetunga muziki alitembea katika kivuli cha Béla Bartók, naye pia mzaliwa wa mahali ambapo leo ni Romania, aliyezunguka vijijini akizikusanya nyimbo za wakulima na kuzipa heshima katika okestra. Ligeti alifuata nyayo hizo. Kati ya 1949 na 1950 alirudi Romania kuzichunguza nyimbo za vijijini, na mwaka 1951 akatunga Concert Românesc, yaani kazi ya okestra kwa mtindo wa Kiromania. Ni kazi changamfu, na mwanafunzi aanzaye kumjua Ligeti na aanze hapo, kwa kuwa haimtishi mtu. Sikiliza fungu la tatu: tarumbeta zile zipindazo zinaitana kutoka mbali, moja karibu na moja nyuma ya jukwaa, zikitoa sauti zao za asili bila kurekebishwa zilingane na vyombo vingine. Ni wale wachungaji wa Karpati. Kazi hii, ambayo ungedhani ingeipendeza serikali iliyojidai kupenda muziki wa wananchi, ilizuiwa baada ya mazoezi tu, kwa sababu ya sauti chache zilizokwaruzana. Ilingoja miaka ishirini kabla ya kupigwa mbele ya watu.

Hapo Ligeti akaanza kuandika kwa ajili ya saraka ya meza yake. Kati ya 1951 na 1953 alitunga vipande kumi na kimoja vya piano, Musica ricercata, kwa mpango ambao mtoto wa shule aweza kuueleza. Kipande cha kwanza kinatumia sauti moja tu, sauti ya A, ikipigwa chini na juu, polepole na haraka, mpaka mwisho kabisa ndipo inapotokea sauti ya pili. Kipande cha pili kina sauti tatu, cha tatu nne, na kuendelea hivyo hadi cha kumi na moja chenye sauti zote kumi na mbili. Ni kama mtu aliyenyang'anywa kila kitu anayejifunza upya kuhesabu mali yake. Na katika kipande kile cha kwanza, angalia, hakuna mahadhi hata kidogo. Kuna pigo tu. Mtu aweza kutunga muziki wa kusisimua kwa sauti moja endapo anayajua mapigo. Jambo hili mpiga isukuti hahitaji kuambiwa.

Novemba 1956 vifaru vya Urusi viliingia Budapest kuuzima uasi. Watu walijificha katika vyumba vya chini ya ardhi. Ligeti alibaki juu, akitegea sikio redio ya Ujerumani iliyokuwa ikipiga kazi mpya ya Karlheinz Stockhausen, iliyotengenezwa kwa mitambo ya umeme. Mwezi uliofuata yeye na Vera, aliyewahi kuwa mkewe, walitoroka kwenda Austria, sehemu ya safari wakiwa wamejificha garini chini ya magunia ya barua. Mapema mwaka 1957 alikuwa Cologne, katika chumba cha mitambo cha kituo cha redio, akijifunza kwa wale wale aliowasikia hewani.

Sasa twafika kwenye ule ukungu. Mwaka 1961 katika mji wa Donaueschingen, Ujerumani, ilipigwa kwa mara ya kwanza kazi yake Atmosphères. Okestra ni kubwa, lakini haipigi wimbo wowote. Vyombo vya nyuzi, fidla na jamaa zake, ni 56, na kila mpigaji ana karatasi yake peke yake. Hakuna wawili wanaosoma jambo moja. Kila mmoja ana fungu lake dogo, mahadhi yaliyojikunja, na anatembea kwa mwendo unaotofautiana kidogo na wa jirani yake. Sikio halimwoni hata mmoja wao. Linachosikia ni wingu linalobadilika rangi. Mvua ikinyesha katika msitu wa Kakamega, husikii tone hili na tone lile. Wasikia mvua, nayo yasogea kutoka upande mmoja wa msitu hadi mwingine. Matone yangali huko, kila moja na jani lake. Wengi waliosikia Atmosphères walidhani kwamba Ligeti ameyatupilia mbali mapigo na mahadhi. La, hakuyatupa. Aliyaandika kwa wingi mno hata yakatoweka.

Kwa njia hiyo hiyo alitunga Misa ya Wafu mwaka 1965, ambayo sehemu yake ya pili ina sauti ishirini za waimbaji zikisukana mpaka zinakuwa kilio kimoja kizito. Mtu aliyekwisha kusoma habari za kambi zile haisikii sehemu hiyo kwa utulivu, ingawa ningeona ni makosa kusema kwamba yote ni kumbukumbu ya baba na ndugu. Mtunzi alipenda pia kufanya mzaha penye hofu. Mwaka 1968 Stanley Kubrick aliitia sehemu hiyo, pamoja na Atmosphères na kazi nyingine, katika sinema yake 2001: A Space Odyssey, bila kumwomba mtunzi ruhusa kwanza. Hivyo mamilioni ya watu wanaujua muziki wa Ligeti wasiomjua Ligeti.

Ile kazi ya vijimashine mia moja ni ya mwaka 1962. Ni metronomu, yaani vile vyombo vidogo vya kupimia mwendo wa muziki: vyote vinatiwa ufunguo na kuachiliwa, kila kimoja kwa mwendo wake. Ilipofanywa Uholanzi mwaka 1963, televisheni ilikuwa imepanga kuionyesha, ikaonyesha mpira badala yake. Yachekesha, na ilikusudiwa kuchekesha. Lakini isikilize mpaka mwisho. Mwanzoni ni kelele ya mvua tena. Kisha metronomu moja moja zinaishiwa nguvu na kunyamaza, na kadiri zinavyopungua ndivyo sikio linavyoanza kuona mifumo: tatu zikipishana, mbili zikifukuzana, na hatimaye moja, tik, tik, tik, na kimya. Hapo Ligeti anatupeleka kutoka Atmosphères hadi kwenye ngoma tatu za Shinyalu kwa muda usiotimia nusu saa, ingawa mwaka ule yeye mwenyewe hakujua kwamba anaelekea huko.

Juu ya opera yake Le Grand Macabre, iliyoonyeshwa Stockholm mwaka 1978, sitasema mengi. Inaanza kwa honi za motokaa, na ina mahali pengi pa kuchekesha, ila kwangu mzaha wake huchosha kabla ya pazia kushuka. Baada yake mtunzi alinyamaza karibu miaka minne, akiwa mgonjwa kwa sehemu ya muda huo. Aliporudi mwaka 1982 na kazi ya fidla, piano na tarumbeta ipindayo, ikiwa na mahadhi yanayosikika wazi, wenzake wa zamani walimlaumu kwamba amerudi nyuma. Yeye alikataa kuwa mtu wa mambo ya kale, na akakataa vile vile kuwa mtumwa wa upya.

Mwaka ule ule, mwanafunzi wake huko Hamburg, Roberto Sierra kutoka Puerto Rico, alimletea santuri ya muziki wa Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, uliorekodiwa na mtaalamu Simha Arom. Kundi la wapulizaji lina pembe nyingi, na kila pembe inatoa sauti moja tu. Mpulizaji ana sauti yake na wakati wake, basi. Muziki mzima ni wa wote, wala haumo katika pembe ya yeyote. Fikiri juu ya mtu aliyetunga kipande chenye sauti moja mwaka 1951, na mawingu ya sauti 56 mwaka 1961, kisha akakutana na watu ambao wamezijua njia zote mbili kwa pamoja, tangu zamani, bila karatasi.

Baada ya hapo akasoma maandishi ya Gerhard Kubik, na hapa habari yetu yavuka Ziwa Nyanza. Kubik, kijana wa Vienna, alifika Uganda mwaka 1959, akajifunza kupiga amadinda kwa Evaristo Muyinda, aliyekuwa mpigaji katika jumba la Kabaka. Amadinda ni marimba ya mbao kumi na mbili zilizolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji wawili huketi wakielekeana. Wa kwanza hupiga fungu lake kwa mwendo ulio sawa. Wa pili huliingiza lake katikati, ili kila pigo la huyu liangukie katika nafasi iliyoachwa na yule. Wa tatu, mwenye mbao mbili tu za mwisho, hutega sikio kwa sauti mbili zilizo nzito kuliko zote na kuzirudia juu. Mwendo unaotoka ni wa haraka kupita uwezo wa mkono wa mtu mmoja, na ndani yake msikilizaji husikia nyimbo ambazo mikono ya wapigaji haikuzipiga. Mwaka 1962 Kubik aliandika juu ya jambo hili, akaonyesha kwamba nyimbo hizo zimo ndani ya mpangilio wenyewe, na kwamba sikio ndilo lizitoalo.

Tunda la masomo hayo ni Études, mazoezi ya piano kumi na manane ambayo Ligeti aliyatunga kati ya 1985 na 2001, na Konseto ya Piano iliyokamilika mwaka 1988. Chukua zoezi la kwanza, Désordre, maana yake vurugu. Mkono wa kulia unapiga vitufe vyeupe peke yake, wa kushoto vyeusi peke yake, kana kwamba ni wapiga marimba wawili wenye mbao mbalimbali. Inaanza pamoja, ikigawanya mapigo madogo manane kuwa matatu na matano. Kisha mkono wa kulia unaanza kuiba: kila baada ya muda unaacha pigo moja dogo, na wa kushoto hauachi. Ufa unapanuka. Punde kila mkono una mwendo wake, nawe wajiona unavutwa huku na huku. Hakuna wimbo wowote wa Kiafrika uliochukuliwa hapo, hata kipande. Kilichochukuliwa ni namna ya kufikiri: kwamba muziki waweza kujengwa juu ya mapigo madogo, ya haraka, yasiyo na pigo kubwa la kuyatawala, na kwamba sauti nyingi zikishika kila moja njia yake hutoa kitu ambacho si cha yeyote kati yao.

Sasa zirudie zile kazi tano nilizozitaja mwanzoni. Pembe za wachungaji zinazoitana, kila moja na ulinganifu wake, wapiga fidla 56 wasioonekana, metronomu zinazofukuzana, hata zile honi za motokaa, na mikono miwili iliyogombana. Utando wa buibui ni ule ule. Tena mtu aliyeona mara mbili watu wakilazimishwa kwenda kwa mwendo mmoja, chini ya Wanazi na kisha chini ya Stalin, alikuwa na sababu ya kuupenda muziki ambao kila sauti hubaki na njia yake.

Hata hivyo nina neno la kumdai. Ligeti hakuficha alikojifunza. Aliwataja Arom na Kubik mara nyingi, akaandika utangulizi wa kitabu kikubwa cha Arom juu ya mapigo ya Afrika ya Kati. Lakini katika orodha ya majina yasomwayo katika majumba ya muziki, jina la Evaristo Muyinda halionekani, na majina ya wapulizaji wa Kibanda hayaonekani kabisa. Mwezi wa Mei 1966 jeshi la Uganda lilipoushambulia Lubiri wa Mengo, vyombo vya muziki vya Kabaka viliharibiwa na wapigaji wakatawanyika. Maarifa ambayo yangekuja kusifiwa Hamburg yalikuwa karibu kukosa pa kukaa nyumbani kwake. Isukuti nayo, mwaka 2014, iliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wengi wa wanaoijua vema ni wazee na vijana wanaoipokea ni wachache.

Na kuna upungufu ndani ya kazi zenyewe. Désordre yapigwa na mtu mmoja. Mpiga piano aliyejifunza miaka ishirini huketi peke yake, akaugawanya ubongo wake kuwa wawili, na sisi twamshangilia kwa ushujaa wake. Katika amadinda hakuna shujaa. Kuna watu wawili walioangaliana usoni, na kila mmoja amwamini mwenziwe aache nafasi. Ligeti aliichukua hesabu ya mapigo yale, akaifanya upya kwa akili kubwa, kuelekeana hakukuchukulika. Labda Konseto ya Piano, yenye wapigaji wengi wa kumjibu mpiga piano, yakaribia zaidi, na ndiyo sababu mimi naipenda kuliko mazoezi, ijapokuwa mazoezi ndiyo yenye sifa kubwa.

Mpiga piano Pierre-Laurent Aimard, aliyefanya kazi na Ligeti kwa miaka mingi, alitoa mwaka 2003 rekodi ambayo ndani yake baadhi ya mazoezi haya yamewekwa bega kwa bega na nyimbo za Waaka, watu wa misitu ya Afrika ya Kati, wakiimba wenyewe. Ukiipata, anza na Waaka.